Senene Juu ya Kilima

Kila nikija kwenye mikutano yetu ya Jumamosi hapa Vällingby, nawasikia mkilalamikia jambo lile lile. Shuleni mmeulizwa mnatoka wapi. Kazini mmeulizwa mnatoka wapi. Mmejibu Spånga, mtaa wa hapa hapa Stockholm, mkaulizwa tena, hapana, kwa kweli kweli unatoka wapi? Basi mnanuna, mnalalamika kwa Kiswidi, mama zenu wanawajibu kwa Kiswahili, na chai inapoa. Mimi hukaa pembeni kimya, na wanaonijua wanajua kwamba kimya si kawaida yangu. Leo nataka niwajibu, lakini njia yangu ni ndefu. Mwenye kuwahi treni aondoke sasa, asije akanikatiza katikati.

Nimefanya kazi makumbusho katika jiji hili mpaka waliponiaga kwa keki na maua. Kazi yangu ilikuwa kuchora nakala. Watu wa Mexico ya kale, wale wanaosema lugha ya Nahuatl, walikuwa na maandishi ya picha, na vitabu vyao vya kale vilivyobaki duniani ni vichache. Wahispania walipofika vingi vilichomwa moto. Vilivyosalimika havishikwishikwi ovyo, hata kuvipumulia kwa karibu ni ugomvi. Sasa watoto wa shule wakija, washike nini? Wanashika nakala, na kwa miaka mingi nakala hizo zilitoka mikononi mwangu, kwenye karatasi ya magome ya mti, mstari kwa mstari. Mikono hii mnayoiona ikitetemeka na kikombe ilikuwa ikichora unyayo mdogo kuliko punje ya mchele, na vidole vyote vimo.

Unyayo ulikuwa na kazi yake. Katika maandishi yale, mtu akisafiri hawachori gari wala farasi, wanachora nyayo. Unaona kilima, kutoka pale nyayo zinashuka, zinapita mtoni, zinapumzika, zinaendelea mpaka kilima kingine. Ukurasa wa kwanza niliopewa kunakili ulikuwa wa nyayo. Nilikuwa bado mgeni hapa, nimetoka Bukoba, koti langu ni la kuazima, na nilipozitazama zile nyayo nililia pale mezani kama mjinga. Nikajipangusa kwa kitambaa cha kufutia rangi, nikatoka na shavu jekundu, na hakuna aliyenisema. Waswidi kwa adabu hiyo hawajambo.

Nilikuwa nimesomea uchoraji hapa hapa, nikajiona najua. Kumbe najua nini! Alama ya mji katika maandishi yale ni kilima: umbo kama kengele, na chini mistari miwili mitatu ya rangi. Mimi nikakitia kivuli upande mmoja, nikaweka majani, nikaweka na ukungu kidogo juu. Kilipendeza hasa. Akaja Eulalia.

Eulalia alikuwa mwenzangu kazini, na ndiye mwalimu wangu. Alizaliwa Mexico, katika kijiji ambako Nahuatl bado inasemwa jikoni na sokoni mpaka leo. Aliletwa Stockholm na mume Mswidi. Mume akaondoka, yeye akabaki na baridi. Tulizungumza Kiswidi, yeye cha kwake cha kubomoka na mimi changu cha kubomoka, ndiyo maana tulielewana. Alikitazama kilima changu kwa muda, mikono kiunoni.

"Kuna mtu amekuuliza kilima hiki kinafananaje?"

Nikasema hakuna.

"Basi mbona unamjibu? Sema kinaitwaje. Ukishasema, weka brashi chini."

Hilo ndilo somo la kwanza na la mwisho la kazi yangu yote, mengine ni kunoa kalamu. Chora jina, usichore mtu. Katika vitabu vile watu karibu wote wana sura moja. Wameketi vile vile, pua ile ile, nguo ile ile. Mtoto wa shule huuliza, sasa utajuaje nani ni nani? Unamwonyesha mstari. Nyuma ya kichwa cha kila mmoja, au juu yake, kuna alama ndogo, na kutoka kichwani mpaka kwenye alama kuna uzi mwembamba wa wino. Huyu amefungwa kwenye ngao inayofuka moshi, basi ndilo jina lake, Ngao Inayofuka. Huyu ana kichwa cha sungura na vitone viwili: ni Sungura Mbili, amepewa jina la siku aliyozaliwa, kama kwetu tunavyomwita mtoto Juma au Masika. Hata dini mpya ilipoletwa na watu wakabatizwa, wachoraji hawakukwama. Aliyebatizwa Petro, nimeona amechorewa ufunguo nyuma ya kichwa. Na walipodhulumiwa mashamba, walikwenda mahakamani na karatasi zilizochorwa hivyo, kuonyesha sisi ni nani na kilima chetu ni kipi. Hilo lilikuwa linanipa moyo siku ambazo theluji ilinichosha.

Msidhani nilikoma kukosea. Miji mingine imechorwa ina meno, meno ya mtu kabisa, yamejipanga chini ya mti au chini ya nyoka. Siku moja nikalieleza darasa zima kwamba watu wa mji huo walikuwa wakali, wanang'ata. Watoto wakafurahi, mwalimu akaandika. Eulalia alikuwa amesimama nyuma, akangoja mpaka wameondoka, ndipo akanieleza kwamba kwao jino linasomeka kama kile kipande cha mwishoni katika majina ya miji, chenye maana ya mahali penye kitu fulani. Hakuna mkali wala mpole. Akacheka mpaka akaegemea kabati. "Dada," akaniambia, "umeupa ule mji sifa mbaya, na wenyewe hawapo kujitetea." Hadi leo nikienda kwa daktari wa meno namkumbuka.

Alama niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Chapultepec, Kilima cha Panzi: kilima cha kijani, na juu yake panzi ametulia, miguu imekunjwa. Kwa jicho la Bukoba yule si panzi tu. Yule ni senene, wale wa msimu wa mvua, tunaowakamata kwa mafungu, tunawakaanga kwa chumvi, na mtu akikupa senene ujue anakupenda. Nilimchora mara nyingi hata nikiwa simuni nachora miguu yake pembeni ya gazeti. Shikeni hapo kwenye senene, tutarudi.

Nawapa na kisa kimoja kidogo, nacho mkishike. Kila vuli kazini walikuwa wanapika nyama ya porini, tunakula pamoja. Mwaka wa kwanza ikaletwa nyama ya paa wa msitu wa hapa. Sasa mimi ukoo wangu mwiko wetu ni pongo, yule swala wa vichakani. Hatumli, hatumwindi, akifa tunasikitika. Paa wa Uswidi si pongo, najua, lakini nilimwona kwenye picha ukutani na yale macho yake, nikaona huyu ni binamu. Niseme nini? Nianze kuwaeleza mambo ya ukoo wangu watu walioshika uma? Nikasema tumbo linaniuma. Kila mwaka, siku ile ile, tumbo linaniuma. Mwishowe wakawa wananitengea supu ya karoti bila kuuliza, na wala sikuwahi kuwaambia ukweli.

Sasa ndiyo nafika kwa Mzee Eriya, ambaye wengi wenu mlimkuta akiwa bado anakuja hapa na kofia yake. Mganda, mkimbizi wa zamani kabla nyinyi hamjazaliwa, na kazi yake Stockholm ilikuwa kuendesha treni ya chini ya ardhi, laini hii hii ya kijani inayotuleta Vällingby. Mkewe ni Mama Yunia, rafiki yangu. Nikipata kopo la senene kutoka nyumbani nilikuwa nawapelekea. Yunia alikuwa anakula. Eriya alisukuma sahani kwa adabu, akasema, "Meno yangu, Mama Koku, yamezeeka." Nami nilimtania, maana mfupa wa kuku aliutafuna mpaka ukabaki unga. Nikajua tu ni maringo ya Waganda.

Nilikuwa nimeshastaafu Eriya alipoanza kusahau. Kwanza alisahau vitu, kisha watu, kisha lugha zikaanza kumtoka moja moja. Kiswidi kikaenda, Kiingereza kikafuata, Kiswahili kikabaki vipande. Kiganda hakikuondoka. Akachukuliwa nyumba ya wazee, si mbali na hapa, na Yunia akawa anakwenda kila siku kwa mguu, magoti yanauma lakini anakwenda. Katika nyumba ile nzima hakuna mwingine anayejua Kiganda. Yunia asipokuja, mzee anashinda bila kuelewana na mtu yeyote.

Anayemhudumia pale ni Ciku, msichana wa Kikenya, muuguzi msaidizi, mnamjua, ndiye anayetuletea chapati. Siku moja akanikamata hapa mlangoni, uso umemshuka. Mzee haoni mlango wake. Milango ya pale yote ni myeupe, imefanana. Anaingia chumba chochote, anavua viatu, analala. Jirani yake, bibi mmoja wa Kiswidi, alimkuta mara tatu kitandani kwake, na watoto wa bibi wamekuja juu. Meneja amezungumza kwa upole, na Mswidi akizungumza kwa upole ujue jambo limeshaiva: hali hii ikiendelea mpaka mwisho wa mwezi, mzee atahamishiwa nyumba yenye milango ya kufungwa, ng'ambo ya Flemingsberg.

"Mama Koku, huko ni treni mbili na basi," Ciku akasema, naye humwita Yunia Cucu, yaani bibi kwa Kikikuyu. "Cucu Yunia na hayo magoti, atafika mara ngapi? Mara moja kwa wiki? Huyu mzee ataisha. Nimeona wengine wakiisha hivyo."

Nikauliza wamejaribu nini. Walikuwa wamejaribu kibao cha jina, hasomi tena. Wamebandika picha yake mlangoni. Aliitazama akauliza yule mzee ni wa nani, akapita. Nikasikia damu yangu ya kazi inachemka. Picha ya uso! Walikuwa wamechora mtu badala ya jina. Nikamwambia Ciku, mwanangu, nenda kalale, hii ni kazi yangu, nimeifanya nusu ya maisha yangu.

Maringo hayo. Nikaenda nyumbani, nikachukua ubao, nikachora kilima cha Eulalia, safi, bila kivuli, na juu yake yule ndege wa bendera ya Uganda mwenye taji kichwani. Jina la mtu na kwao, nikasema, Uganda si ndiyo kwao? Nikautundika mlangoni mwenyewe, nikasimama nimejishika kiuno. Mzee Eriya akaja na mkongojo wake, akamtazama yule ndege, macho yakawa makavu, akageuka. Akaingia kwa bibi wa Kiswidi.

Nilijisikia vibaya, siwezi kuficha. Yunia alinifariji kwa namna yake. Alisema, dada, unajua bendera ile aliiona mara ya mwisho begani mwa nani? Mwa askari waliomfuata nyumbani kwake. Kisha akaketi, akaanza kupanga soksi za mumewe, na nikaona mikono yake inafanya haraka, kama mtu anayefunga mizigo.

Kesho yake nikapanda treni kwenda Spånga kwa Eulalia. Naye amestaafu, anaishi na paka wawili na redio. Nikamwekea ule ubao mezani. Alivaa miwani, akautazama, akaniuliza ule ndege ni nini. Nikaeleza. Akavua miwani.

"Umelijibu swali la Waswidi," akasema. "Watu wake mwenyewe, wakikutana njiani, wanaulizanaje?"

Sikujua. Mtu nimemfahamu miaka yote hiyo, nimekula kwake, nimemtania meno yake, na sikujua watu wake wakitaka kumjua wanamuulizaje. Eulalia alinipa kahawa, na nilipokuwa navaa viatu akaniambia jingine, kwamba kwenye ule ubao sikuchora mstari. Alama isiyofungwa kwa mstari ni ya yeyote apitaye, haina mwenyewe.

Basi nikaenda kumuuliza Yunia. Mgeni haendi mikono mitupu, na nyumbani nilikuwa na kopo la senene lililoletwa juzi na mpwa wangu. Nikalitia mkobani. Yunia alikuwa chumbani kwa mumewe, wameketi karibu na dirisha. Nikafungua kopo, nikaliweka mezani kati yetu, harufu ikatoka, ile ya chumvi na mvua.

Mzee Eriya, ambaye wiki nzima hakuwa amemtambua mtu, aliinuka. Aliinua mkono akafunika kopo kwa kiganja, polepole, kama anayemfunika mtoto. Akanitazama mimi, akasema kwa Kiganda, na sisi wa Bukoba Kiganda hakitupiti mbali, nilielewa kabla Yunia hajatafsiri:

"Huyu ni ndugu yetu. Haliwi."

Yunia akachukua kifuniko, akalifunga kopo, akalitia mkobani mwangu mwenyewe.

"Ni ukoo wake, dada. Yeye ni Nsenene. Mimi ni Nkima, ukoo wa tumbili, kwa hiyo mimi nakula."

"Na meno?"

"Meno alikuwa nayo yote. Alikuwa anakustahi wewe."

Jamani. Nikaliona tumbo langu, na supu ya karoti, na paa wa Uswidi. Mimi mwenye mwiko wangu nyumbani, mimi niliyedanganya kila vuli ili nisimwaibishe mpishi, sikumdhania mwenzangu kwamba naye ana wake. Nilicheka, na machozi yakanitoka humo humo, na Eriya akanipa leso yake.

Yunia akanieleza yale ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Pale nyumba ya wazee walimuuliza mzee anapenda muziki gani, anapenda chakula gani, anaamka lini. Hakuna aliyeuliza ni wa ukoo gani, naye aliona ni mambo ya nyumbani, watayafanyia nini? Waganda wa zamani wakikutana, jina tu halitoshi. Unajitaja wewe, baba yako, babu yako, ukoo wako, na mahali wazee wa ukoo walipolala. Na mahali hapo, akasema, kila ukoo una kilima chake.

Nikamwambia arudie.

"Kila ukoo una kilima chake," akarudia, ananishangaa.

Senene, juu ya kilima. Wanangu, nilikuwa nimeichora alama ile mpaka mkono unaijua gizani. Watu wa Mexico hawajawahi kuisikia Buganda, wala Waganda Mexico, na kilima chao cha panzi ni mji wao wenyewe, si ukoo wa Eriya. Lakini njia ya kusema ni ile ile. Huyu ni nani, wa wapi, na mstari wa kumfunga pale.

Nikasema nitaichora kwenye karatasi ya magome, bado nilikuwa na vipande kabatini. Kule Mexico karatasi hiyo inatokana na magome ya mti wa jamii ya mkuyu, yanapondwa kwa jiwe lenye mifereji. Yunia akaguna. Hiyo ni kama lubugo, akasema, nguo ya magome ya kwetu. Nasi mti wetu ni wa jamii hiyo hiyo, tunaponda kwa nyundo ya mbao yenye mifereji. Kesho yake akanifungulia sanduku nyumbani kwake. Ndani, chini ya shuka, lubugo kubwa limekunjwa, rangi ya udongo mwekundu. Waganda huwazika watu wao kwa nguo hiyo.

"Nilimwekea ya siku yake," akasema. "Chukua mkasi. Kipande kimtumikie akiwa hai."

Nikamwambia sitakata mimi. Akakata mwenyewe, pembeni, kwa mkono usiotetemeka, kisha akakunja lililobaki akalirudisha.

Sasa somo la kazi, kwa yeyote kati yenu atakayeshika brashi. Gome linakunywa rangi. Ukipaka moja kwa moja, wino unatambaa, na senene wako atakuwa buibui. Kwanza paka gundi nyepesi, acha ikauke. Kisha chora mistari yote kwa masizi, mistari kwanza, rangi baadaye. Rangi iwe tambarare. Ukijisikia hamu ya kutia kivuli, kunywa maji. Miguu ya nyuma ya senene ndiyo inayosema huyu ni senene, ifanye mikubwa, goti lipite mgongo. Ukimaliza usiongeze kitu. Mimi nilitamani kuongeza jua, nikamkumbuka Eulalia, nikaenda kuosha vyombo.

Mlangoni nilitundika usawa wa kifua cha mzee. Halafu ule mstari: nikauchora kwa rangi nyeusi kutoka kwenye mguu wa kilima, ukashuka juu ya mlango ule mweupe mpaka kwenye kitasa chenyewe. Meneja alikuja akauona, akavuta pumzi kwa ajili ya rangi ya mlango. Nikamwambia unafutika. Haufutiki, lakini hilo tumwachie Mungu. Nilitaka pia kuchora nyayo sakafuni, akakataa, wazee wataziruka waanguke, na kwa kweli alikuwa na haki. Ciku akashauri tuziweke ukutani, juu ya ule mwamba wa mbao wa kushikilia wanapotembea, nyayo ndogo ndogo kutoka chumba cha kulia mpaka mlangoni. Tukazichora mimi na yeye mchana mzima, na zake zina vidole sita baadhi, nendeni mkaangalie.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, tukasimama mwisho wa ukumbi: meneja, Ciku, Yunia na mimi. Yunia alikuwa amenishika kiwiko kwa nguvu mpaka kikafa ganzi. Eriya akatoka chumba cha kulia peke yake. Akashika mwamba. Hakutazama nyayo, au labda alizitazama, sijui; aliendesha treni miaka mingi, jicho lake lilizoea kufuata njia. Akafika mlango wa bibi wa Kiswidi, akapunguza mwendo. Nikasikia Ciku anaomba Mungu kwa Kikikuyu. Eriya akaupita.

Alisimama mbele ya lubugo. Aliligusa kwa kiganja kizima, akalinusa. Akamgusa senene mgongoni kwa kidole kimoja, akashuka na kilima, akaukuta mstari, akaufuata taratibu mpaka kidole kikafika kwenye kitasa. Hapo akanyooka. Akajitaja kwa sauti, kwa Kiganda, kama mtu aliyefika uani kwa watu na anataka wenyeji wajue amefika nani: jina lake, wa baba yake, wa babu yake, Nsenene, na kilima chao. Akafungua mlango akaingia chumbani kwake.

Yunia aliachia kiwiko changu, akafunika uso. Meneja alikuwa bado anautazama ule mlango. Akasema neno moja la Kiswidi tu, kwamba anabaki, kisha akalirudia kwa Ciku ili aliandike.

Anabaki mpaka leo. Siwadanganyi, hajapona, ugonjwa ule hauponi, na zipo siku anapotea bado. Ila zile siku ni chache, na Yunia anakwenda kwake kila asubuhi kwa mguu. Bibi wa Kiswidi naye alinisimamisha akataka alama yake. Nilimuuliza kwao wanamjuaje, akafikiri siku mbili, akarudi akaniambia kwao ni kisiwani na babu zake walikuwa watunza mnara wa taa. Anao mnara mlangoni, na mstari wake.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Tulikuwa tunajipangusa machozi, tunataka kuondoka, mlango ukafunguliwa tena. Eriya alichungulia, akamkaripia Yunia kwa kuwaacha wageni wamesimama nje kama wadai. Tukaingia wote, na meneja naye. Akatupanga mmoja mmoja kama mwenye nyumba. Alipofika kwangu alinitazama vizuri. Jina langu lilikuwa limeshamtoka siku nyingi.

"Na wewe," akauliza, "mwiko wenu ni nani?"

Miaka yote katika jiji hili nimeulizwa ninatoka wapi. Mezani, dukani, kwenye lifti. Nimejibu mpaka jibu limechakaa, na mara nyingi nilihisi anayeuliza anataka kujua nitarudi lini. Swali la Eriya sikuwahi kuulizwa tangu nitoke Bukoba.

"Pongo," nikasema.

Akatikisa kichwa, ameridhika. Akaondoa blanketi lake kwenye kiti kizuri, kile cha dirishani, akakipangusa kwa mkono.

"Pongo akae hapa," akasema, na nikakaa.